Risasi za loti mpya: zijaribu hivi kabla ya kuingia porini

Kijana mmoja hapa kambini Liwale kaniuliza mbona bunduki yake ya .375 inapiga chini na darubini hajaigusa. Nikamwambia lete maboksi. Jina moja, uzito wa kichwa grain 300 kote, ila namba za loti, yaani mkupuo wa kiwandani, tofauti. Baruti ndo ilivyo, kiwanda kinachanganya ili iungue kwa kasi inayokaribiana, lakini tofauti kidogo inabaki.

1. Tafuta namba ya loti kwenye boksi, ziandike. Usichanganye loti mbili kwenye mkanda mmoja.

2. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, karatasi ya shabaha mita 100.

3. Hapa sasa tulieni. Risasi zote zilale sehemu moja kivulini usiku kucha, maana boksi moja likishinda kwenye dashibodi ya Land Cruiser na lingine liko ndani ya begi, unachopima ni jua la Liwale sio loti, baruti ikipata joto kasi inapanda. Asubuhi mapema piga moja ya zamani, moja ya mpya, hivyo hivyo kwa kupokezana, kila loti na karatasi yake, na kila ukipiga subiri mtutu upoe mpaka ukiushika husikii joto. Ukimaliza za zamani zote mfululizo ndo uje kwenye mpya, mtutu umeshachemka, utailaumu loti bure. Piga tano tano, tatu hazitoshi, najua risasi ni ghali lakini nyati uliyemjeruhi akaingia kichakani atafuatwa na watu wenye familia. Halafu pima kutoka katikati ya kundi la matundu ya loti moja hadi katikati ya kundi la nyingine, tundu moja lililokimbia lisikuhangaishe. Wengine wanapenda kronografu, sawa, inakupa kasi, ila risasi imetua wapi utaambiwa na karatasi tu, mimi naanza na karatasi.

4. Rekebisha darubini. Nyingi kliki moja inahamisha risasi kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo ukiwa chini milimita 35 panda kliki tano. Hakikisha tena.

Wenzetu wa nje wanaojaza risasi wenyewe: kopo jipya la baruti, hata jina likiwa lile lile, shusha kipimo kama asilimia 10 upande taratibu ukiangalia dalili za presha, na mabaki ya kopo la zamani usiyamimine humo kabisa.

Risasi zinazobaki zirudi kwenye boksi lake lenye namba, sio mfukoni.