Namna ya Kuchagua Neno la Kiingereza kwa Shughuli Iliyosimama

Anayeandika barua, taarifa au ripoti kwa Kiingereza hufika mahali pa kueleza kwamba shughuli fulani imesimama, na hapo kamusi humwekea mbele safu ya maneno: “stop”, “pause”, “halt”, “cease”, “quit”, “suspend”, “adjourn”, “interrupt” na mengineyo. Akilichukua lolote lililo karibu ataeleweka kwa jumla, lakini huenda akawa amempa msomaji ahadi ambayo hakukusudia kuitoa, kwa kuwa mengi ya maneno hayo hubeba ndani yake habari ya kama shughuli itarudi au imekwisha moja kwa moja. Ndiyo maana inafaa kujiuliza maswali mawili kabla ya kuchagua: je, shughuli hiyo inatarajiwa kuendelea, na aliyeisimamisha ni mtendaji mwenyewe, ni mwenye mamlaka juu yake, au ni mtu wa pembeni?

Michezo ya mwaka 2020 inaonyesha vizuri jinsi swali la kwanza linavyofanya kazi. Tarehe 11 Machi ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilisimamisha msimu uliokuwa katikati kwa sababu ya korona, na siku mbili baadaye soka ya Ligi Kuu ya Uingereza ikasimama pia. Neno la hali hiyo ni “suspend”, yaani shughuli imeanza, mwenye mamlaka ameizuia, na kurudi kwake kunatazamiwa. Na kweli Ligi Kuu ilirudi tarehe 17 Juni na NBA tarehe 30 Julai. Olimpiki ya Tokyo, kwa upande wake, ilikuwa haijaanza, kwa hiyo iliandikwa kwamba imekuwa “postponed”, na ikafanyika mwaka 2021. Michezo ya Olimpiki ya 1916, 1940 na 1944 haikufanyika kabisa kwa ajili ya vita, na hiyo ndiyo iliyokuwa “cancelled”, au kwa lugha ya mazungumzo, “called off”. Mwandishi anayesema mkutano umekuwa “suspended” wakati haujafunguliwa atawafanya watu wadhani walikosa nusu yake.

Mechi moja inaweza kupita katika maneno haya karibu yote. Tarehe 5 Septemba 2021 Brazil na Argentina zilikuwa zimecheza dakika chache tu jijini São Paulo, katika mchujo wa Kombe la Dunia, maofisa wa afya walipoingia uwanjani kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji wa Argentina walikiuka masharti ya karantini. Wakati huo mchezo ulikuwa “interrupted”, kwa kuwa watu wa nje waliukatiza. Mwamuzi alipousimamisha ukawa “suspended”. Ilipobainika kwamba hautamalizika siku ile ukawa “abandoned”, neno linalotumika kwa mechi iliyoanza na kuachwa njiani. Na mwaka 2022, ilipoamuliwa kwamba hautarudiwa, ukawa “cancelled”.

Neno linalowaponza wengi zaidi, hata hivyo, ni lile lile fupi la “stop”, na kosa haliko katika maana bali katika kitenzi kinacholifuata. Kiswahili kinatenganisha kwa vitenzi viwili: mtu huacha kuvuta sigara, au husimama ili avute sigara. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa yote mawili, na tofauti inabebwa na umbo la kitenzi cha pili, kwa maana “he stopped smoking” ni kuacha, na “he stopped to smoke” ni kusimama ili kuvuta. Kwa kuwa sisi tumezoea kusema “aliacha kuona wagonjwa”, vidole huandika “the doctor stopped to see patients” bila kusita, na sentensi hiyo inasema kinyume kabisa: daktari alisimamisha shughuli nyingine ili aone wagonjwa. Ushike hivi: kitendo kilichoachwa ndicho kinachochukua kiishio cha “-ing”, na kitendo kilichosababisha kusimama ndicho kinachotanguliwa na “to”.

“Quit” na “give up” hufuata njia ya kwanza tu, ile ya “-ing”, na yote mawili huonyesha kwamba mtendaji ameacha kwa uamuzi wake mwenyewe, ingawa “quit” ni la mazungumzo na haliketi vizuri katika barua rasmi. “Pause” hufuata njia ya pili, ile ya “to”, kama katika “she paused to drink water”, na muda wake ni mfupi. Alama ya mistari miwili iliyosimama kwenye redio za kaseti na vicheza video imewafundisha watu maana yake kuliko darasa lolote. “Cease” hukubali njia zote mbili, lakini ni neno la mikataba, sheria na vita, kwa hiyo ukimwambia jirani kwamba mvua imekuwa “ceased” utakuwa umekosea mara mbili, kwa sarufi na kwa mahali. “Halt” lina sauti ya amri ya jeshi, nalo hufaa kwa kitu kilichokuwa katika mwendo, kama vile msafara, treni au uzalishaji kiwandani.

Katika barua za kazi na za masomo, neno lisilofaa linaweza kumharibia mtu jina. Aliyesimamishwa kazi kupisha uchunguzi ni “suspended”, na bado ni mwajiriwa. Aliyefukuzwa ni “dismissed”. Aliyepunguzwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa ni “made redundant” kwa Waingereza na “laid off” kwa Wamarekani, ilhali maofisini kwetu hupendwa zaidi “retrenched”. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalodai kwamba mtu huyo ana kosa, na ni vyema wasifu wake usidokeze vinginevyo. Walimu wa Kenya wana neno lao, “interdicted”, linalotumiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu kwa mwalimu aliyeondolewa darasani wakati shauri lake la nidhamu likishughulikiwa. Mwajiri wa London au Toronto hatalielewa hivyo, na anayemwandikia atumie “suspended”.

Vivyo hivyo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania, ambao husema mwenzao “amedisko”. Asili yake ni “discontinued from studies”, maneno ya kiofisi kabisa kwa mwanafunzi aliyeondolewa chuoni kwa kushindwa masomo, lakini nje ya eneo letu kinachokuwa “discontinued” kwa kawaida ni bidhaa iliyoacha kutengenezwa au dawa ambayo mgonjwa ameachishwa. Andika “dismissed for academic reasons” na jambo litaeleweka. Aliyeahirisha masomo kwa ugonjwa ama ada ame-“defer” au ame-“postpone”, aliyeacha kwa hiari au kwa shida za maisha ni “dropped out”, na haya yasichanganywe, kwa kuwa wa kwanza bado ana nafasi yake chuoni.

Kwa mikutano, mahakama na mabunge neno ni “adjourn”, nalo hutaka kikao kiwe na mwendelezo, iwe baada ya saa moja au mwezi mmoja. Mapumziko mafupi ya chai ni “break”. Bunge la Uingereza lina ngazi mbili zaidi: “prorogue”, ambayo hufunga mkutano mzima wa Bunge pamoja na miswada mingi isiyokamilika, na “dissolve”, ambayo sisi huiita kuvunja Bunge kwa ajili ya uchaguzi. Tofauti hiyo si ya wanasarufi tu. Tarehe 24 Septemba 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kufungwa kwa Bunge kulikoshauriwa na Waziri Mkuu Boris Johnson kulikuwa batili, na kesho yake Spika akaagiza kumbukumbu zirekebishwe ili zionyeshe kwamba Bunge liliahirishwa tu, yaani “adjourned”.

Kwa wasomaji walioko New York, maneno haya huja na faini. Mabango ya jiji hilo yana ngazi tatu: “No Parking” humruhusu dereva kusimama ili kupakia au kushusha mizigo na abiria, “No Standing” huruhusu abiria tu kupanda au kushuka, bila mizigo, na “No Stopping” hairuhusu hata hilo. Dereva anayeyasoma yote kama “usiegeshe” atalipa.

Limebaki la kukatiza mtu. “Interrupt” ni kukatiza kwa muda jambo linaloendelea, na “disrupt” ni kulivuruga mpaka lishindwe kwenda kama lilivyopangwa. Simu iliyolia kikaoni ni ya kwanza, mgomo uliofunga bandari ni wa pili. Katika kikao cha Kiingereza husemwa “sorry to interrupt”, kisha hoja hutolewa mara moja bila utangulizi mwingine, jambo ambalo kwa aliyezoea kuomba radhi kwa wakubwa waliotangulia kusema linaweza kuonekana la pupa, lakini ndivyo wanavyotarajia. Aliyekatizwa na kutaka kumaliza anaweza kusema “may I just finish?” bila kuonekana mgomvi. “Stop interrupting me” ni sahihi kisarufi, na ni ya ugomvi. Kwenye simu, anayekuomba usubiri atasema “hold on” au “hang on”. Usikate, kwani hajakuambia mazungumzo yamekwisha.