Namna ya Kushika Noti Bila Kufikisha Vijidudu Mdomoni

Noti haioshwi kama sahani, kwa hiyo usafi wake hutegemea mikono ya wanaoishika. Noti nyingi za karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, ambazo hunyonya jasho na mafuta ya ngozi, na zinapopimwa maabara hukutwa na bakteria kama Staphylococcus aureus, Escherichia coli na Klebsiella, hasa zile za thamani ndogo ambazo hupita mikono mingi hadi zikachakaa na kulegea. Noti za plastiki, zilizoanza kutumika Australia mwaka 1988, hazinyonyi unyevu kwa kiasi hicho, ingawa nazo hubeba vijidudu.

Vijidudu hivyo hudhuru vinapopata njia ya kuingia mwilini, na njia fupi kuliko zote ni kidole kinacholambwa. Mtazame mtu anayehesabu bunda: kidole gumba kinagusa ulimi, kinasukuma noti tano sita, kisha kinarudi ulimini na yote yaliyoachwa na walioshika kabla yake, huku mate yake yakibaki kwa atakayepokea. Tumia sponji iliyoloweshwa, uioshe na kuibadilishia maji kila siku, maana sponji iliyoanza kuteleza haina nafuu kuliko ulimi.

Panapouzwa chakula, ni vyema mmoja apokee pesa na mwingine agawe chakula. Aliye peke yake atumie koleo, na anawe kabla ya kurudi kwenye chakula. Kuhusu glavu, naona mara nyingi huhadaa kuliko kusaidia: mkono ule ule hupokea noti, hupekua droo kutafuta chenji, kisha huokota mkate, na mnunuzi huridhika kwa sababu tu ameona glavu.

Unaponawa, tumia sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, usugue ncha za vidole na chini ya kucha, kisha ukaushe mikono. Kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 kinafaa pasipo na maji, ila hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye mafuta au uchafu unaoonekana. Jeraha la kidoleni lifunikwe kabla ya kuanza kazi.

Usihangaike kunyunyizia noti dawa, kwani itachafuliwa tena na mkono unaofuata. Iliyochakaa mno ipeleke benki ibadilishwe.