Kuimba bila kuua koo, kwa waimbaji na walimu wa kwaya hapa Dodoma

Jamani tuongee ukweli, kwaya nyingi hapa mjini zikimaliza mazoezi ya Jumamosi jioni nusu ya watu wanaongea kama wana mafua, af mwalimu anafurahi eti leo tumepiga kazi. Hapo hamna kazi, hapo nyuzi za sauti zimevimba. Ukitoka mazoezini sauti inatakiwa iwe vilevile ulivyokuja nayo au hata nyepesi zaidi, ikiwa inakwaruza kuna kitu kinafanyika vibaya, na mara nyingi chanzo siyo muimbaji bali ni ki iliyochaguliwa, yaani wimbo umewekwa juu au chini kiasi gani, na kelele za vyombo.

Elewa kwanza kinachofanya kazi humo ndani. Kwenye koromeo kuna mikunjo miwili midogo laini, hizo ndo nyuzi za sauti, hewa ikipanda kutoka mapafuni inazitikisa zinakutana na kuachana haraka sana. Ile noti A ambayo watu wanatyunia vyombo ni mitikisiko 440 kwa sekunde, maana yake soprano akiishika sekunde 4 tu nyuzi zake zimekutana mara 1,760. Sasa fikiria wimbo mzima, halafu uongeze kukaza shingo juu yake.

Haya, pumzi. Watu wanaambiwa "imba kutoka tumboni" mpaka wanakakamaza tumbo kama wanataka kupigwa ngumi. Tumboni hamna hewa, hewa iko mapafuni. Ukivuta pumzi diaframu, ule msuli ulio chini ya mapafu, inashuka, inasukuma vilivyo chini yake, ndo maana tumbo na mbavu za pembeni zinatanuka. Weka mikono pembeni ya mbavu za chini, vuta pumzi kimyakimya, mikono isukumwe nje na mabega yatulie palepale. Halafu toa hewa kwa "ssss" nyembamba isiyotetemeka, anza na sekunde 15, ukizoea nenda 20, 25. Usijaze mapafu mpaka juu, ukijaza kupita kiasi hewa inataka kutoka yote kwa mpigo na shingo ndo inakimbilia kuizuia. Vuta ya kutosha mstari unaokuja basi.

Kupasha sauti ndo sehemu watu wanairuka, na mimi ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku kuanza mazoezi kwa wimbo wa kupaza. Tafuta mrija wa juisi na glasi ya maji nusu, zamisha ncha ya mrija kama sentimita 2 hivi, ziba midomo vizuri kuzunguka mrija, halafu imba "uuu" kupitia humo maji yatoe mapovu. Anzia chini unapoongelea, panda taratibu mpaka juu, shuka. Angalia mapovu, yakikatika au yakiruka kwa fujo ujue pumzi yako haiendi sawa, ukibana pua na sauti ikabadilika ujue hewa inavujia puani. Kwa nini inasaidia? Maji yanaikwamisha hewa kidogo, inabaki na msukumo juu ya nyuzi, basi zinakutana kwa ulaini badala ya kugongana. Dakika 5 zinatosha, na baada ya ibada ndefu rudia dakika 2 kutuliza sauti. Huna mrija? Tetemesha midomo "brrr" kama mtoto anayeigiza gari, huku sauti inapanda na kushuka. Au tumia ng' ya ng'ombe, ishike hiyo ng' bila kufungua mdomo mkubwa, panda nayo do re mi fa so, ukifika juu ifungue iwe "ng'aaa". Sisi hiyo sauti tumezaliwa nayo, wenzetu wengine wanafundishwa darasani.

Kitu kingine kidogo ila kinaumiza sana ni maneno yanayoanza na irabu, amani, asante, uje, inuka. Ukiyashambulia kwa nguvu unasikia kama kitu kimegongwa kooni kabla ya neno, ni nyuzi zimejifunga kisha zimepasuliwa na hewa. Imba kwanza "hamani", halafu iwaze hiyo h bila kuitamka. Na noti ikiwa juu na irabu ni i au e, shusha taya zaidi, i iende kidogo kuelekea e, msikilizaji atasikia i tu na wewe utakuwa umeokoa koo.

Sasa walimu, hapa tuelewane. Wimbo mmeusikia kwenye simu, umerekodiwa studio na solisti mmoja mwenye sauti ya juu, wewe unawaletea watu 30 kwenye ki ileile. Kwanini? Mpiga kinanda ana transpozi, kitufe cha kupandisha na kushusha ki, ashushe toni moja au hata mbili, hakuna muumini atakayesimama kudai ki ya studio. Kipimo changu ni hiki, waambie kila sauti waimbe mstari wao wa juu kabisa polepole kwa sauti ndogo, kama hawawezi kuuimba bila kupaza, ki iko juu. Na usiwapange watu kwa umbo lao wala kwa sababu teno wamepungua. Kaka mwenye besi ukimlazimisha teno mwaka mzima utakuja kumkosa kote kote.

Wanaume wengi wanaona aibu kutumia sauti ya kichwa, ile nyembamba ya juu, eti ya kike, matokeo yake wanaburuza sauti ya kifua, ile nzito ya kuongelea, mpaka juu mishipa imetoka shingoni. Tafuta rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa ngoma za asili, Mgogo wa mkoa huuhuu wa Dodoma aliyefariki 2003, msikilize anavyonguruma chini kabisa halafu anahamia juu kabisa, kuna mtu alimwita dhaifu? Fanya zoezi la king'ora, "uuu" toka juu ya kichwa ushuke taratibu kama gari la zimamoto linapita, bila kuongeza sauti, pale inapotaka kuvunjika punguza nguvu, usiongeze. Siku za mwanzo itavunjika tu, acha ivunjike.

Vijana wa kwaya ya watoto wakianza kubalehe koromeo linakua na nyuzi zinarefuka, sauti inakatika katikati ya neno na wenzake wanacheka. Usimtoe kwaya na usimlazimishe abaki sauti ya kwanza, mtafutie noti 5 au 6 anazozimudu wiki hiyo aimbe hizohizo, mwezi ujao mpime tena.

Halafu hali yetu ya hewa. Mvua hapa ni Desemba mpaka Aprili hivi, miezi iliyobaki ni ukavu, upepo na vumbi. Kama mnafanya mazoezi ukumbini usiruhusu mtu afagie watu wanapoanza kuingia, afagie mapema na anyunyizie maji kwanza, na mkiwa nje chini ya mti simameni upepo uwe mgongoni. Maji kunywa kuanzia asubuhi, maana maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti, yanapita njia ya chakula, mpaka mwili uyasambaze ni baadaye. Hapo hapo tangawizi, asali, limau na yai bichi navyo havigusi nyuzi. Tangawizi ya moto inaliwaza koo, sawa, kunywa, ila yai bichi achana nalo kabisa, linaweza kukupa ugonjwa wa tumbo. Kinachofika kwenye nyuzi zenyewe ni mvuke, jifukize dakika chache jioni, maji matupu yanatosha, na angalia usijiunguze. Na chipsi za saa nne usiku halafu unalala, asidi inapanda mpaka kooni, asubuhi unaamka sauti nzito unadhani ni baridi.

Spika zikiwa nyuma yenu na hamna monita, yaani spika inayowaelekea waimbaji wajisikie, kila mtu atapaza bila kujijua kwa sababu hajisikii. Punguzeni kinanda na gitaa kabla ya kuongeza maiki. Mazoezi ya masaa mawili yawe na mapumziko katikati, na mkiwa mnakariri maneno imbeni nusu sauti.

Sauti ikikauka, nyamaza. Usinong'one, kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha nyuzi, na usikohoekohoe kusafisha koo, meza mate au piga funda la maji. Usinunue antibayotiki duka la dawa kwa kubahatisha, sauti kukauka ghafla mara nyingi ni virusi na hazivigusi. Wala usinyonye pipi za kutia ganzi ukapande jukwaani, maumivu utayaficha huku unaendelea kujiumiza. Ikipita wiki 3 bado inakwaruza, au kukitoka damu, ukimeza kwa shida au kuna uvimbe shingoni, muone daktari wa masikio, pua na koo, kama unapumua kwa shida nenda siku hiyohiyo. Mwambie kabisa kwamba wewe ni muimbaji na mwombe aziangalie nyuzi zenyewe kwa kamera, akimulika koo kwa tochi tu hawezi kuziona.