Kalamu ya kuchovya kwenye hewa kavu ya Dodoma

Kalamu ya kuchovya ikitumika Tanga na nyingine kama hiyo ikatumika Dodoma, kalamu ni moja lakini wino si mmoja. Pwani hewa ina unyevu, na tone la wino kwenye nibu, yaani kichwa cha chuma cha kalamu, hukaa laini. Huku, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua hukatika kuanzia Mei hadi Novemba, upepo huvuma na vumbi lake, na wino hukauka kwenye ncha kabla mstari haujaisha. Wengi hulaumu mkono wao wakaacha. Mara nyingi mkono hauna kosa. Anza kuchunguza wino, maji na karatasi.

Kalamu yenyewe ni vipande viwili: mpini wa mbao na nibu ya chuma. Itazame nibu kwa karibu. Kuanzia nchani kuna mpasuo mwembamba unaoigawa kuwa meno mawili, nao huishia kwenye kitundu. Wino hushuka kwa kuufuata mpasuo, kama mafuta ya taa yanavyoufuata utambi wa koroboi. Kitundu hushika akiba ya wino na huyapa meno nafasi ya kunepa bila chuma kupasuka zaidi. Ukikandamiza, meno hutanuka na mstari huwa mnene. Ukilegeza, hurudiana na mstari huwa mwembamba. Uzuri wote wa mwandiko wa zamani umetoka hapo, na ndiyo maana kalamu ya biki, yenye kigololo kinachobingirika, haiwezi kuuiga hata mwandishi awe hodari namna gani.

Nibu huingizwa kwa kuishika kwenye mabega yake, karibu na kitako, ukaisukuma ndani ya mpini hadi ikaze. Usiisukume kwa kushika ncha: meno yakipishana hata kidogo sana, nibu itakwaruza karatasi siku zote.

Nibu mpya huja na mafuta au vanishi nyembamba ya kuzuia kutu, na hilo ndilo kosa la kwanza la anayeanza. Anachovya, wino unajikusanya vitone vitone kama maji kwenye kikaango chenye mafuta, kisha unadondoka wote kwa mkupuo. Isugue kwa sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani kwa dakika moja, suuza, kausha kwa kitambaa. Kama vanishi ni ngumu, tumia spiriti. Wapo wanaoipitisha kwenye mwali wa kiberiti. Sekunde 2 hazina madhara, lakini ikikaa zaidi chuma hupoteza mnepo wake na meno hayarudiani tena. Sabuni ni salama zaidi. Utajua nibu iko tayari pale wino unapoifunika sawasawa bila kuacha madoa makavu.

Usipopata nibu, chonga kalamu ya mwanzi. Neno kalamu lenyewe limetoka Kiarabu, na huko lilitaja hasa kalamu ya namna hii. Chukua mwanzi au tete kavu lenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 18 hivi. Kata mshazari wa sentimita 3 kwa kisu kikali, ondoa nyama laini ya ndani, pasua katikati ya ncha kwa urefu wa sentimita 1, kisha weka ncha juu ya kibao kigumu uikate kwa pigo moja. Tete bichi halifai: likikauka mpasuo hufunguka wenyewe.

Sasa kidau, yaani kichupa cha kuchovyea wino. Madawati ya zamani yalikuwa na tundu kwenye kona ya juu, na ndani yake kidau cha kauri kilichokaa bila kuyumba. Tundu hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko linavyoonekana, maana kidau kikipinduka daftari limekwisha. Ukitumia kichupa cha dawa, toboa kipande cha mbao kinene ukitumbukize humo. Kina cha wino kisizidi sentimita 2, ili nibu isizame hadi kwenye mpini. Wino ukifika kwenye mpini hujificha pale, halafu hushuka bila kutarajiwa katikati ya neno.

Msimu wa kiangazi mimina kijiko kimoja tu cha chakula, kiasi cha mililita 15, na ufunike kidau kila unapotua kalamu. Ukiacha wazi tangu asubuhi, mchana wino utakuwa mzito kama uji na juu yake pameshika vumbi. Ongeza matone 2 au 3 ya maji, koroga taratibu kwa kijiti. Usitikise, kwa sababu povu huziba mpasuo. Wino uliobaki jioni usiurudishe kwenye chupa kubwa, kwani vumbi lake litaharibu na ule mzima.

Maji nayo ni jambo zito hapa. Maji mengi ya visima vya Dodoma yana chumvichumvi. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika. Madini hayo huufanya wino wenye chembe za unga, kama wa masizi, utuame chini ya kidau, juu pakabaki maji ya rangi hafifu. Kinga maji ya mvua, lakini baada ya mvua za kwanza kuosha bati. Kiangazi nunua maji ya betri yaliyotoneshwa, na usome lebo mara mbili: asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana, nayo huunguza ngozi na macho. Kuchemsha maji ya kisima, kuyaacha yatuame usiku kucha na kuchota ya juu husaidia kwa kiasi, si kabisa.

Wino mweusi unaweza kutengenezwa nyumbani, na katika ukanda huu gundi ya miti ya jamii ya mgunga inapatikana. Twanga gramu 20 za gundi safi, loweka kwenye mililita 60 za maji ya uvuguvugu hadi kesho yake, chuja kwa kitambaa cha pamba. Kusanya masizi kwa kushikilia sahani ya bati juu ya mwali wa koroboi, mahali pasipo upepo lakini penye hewa ya kutosha, hadi upate vijiko 2 vya chai vilivyoshindiliwa. Masizi yana mafuta na huyakataa maji, kwa hiyo yalainishe kwanza kwa matone machache ya spiriti, mbali na moto. Weka vijiko 2 vya chakula vya maji ya gundi, saga kwenye kinu kidogo au juu ya jiwe laini kwa nusu saa nzima. Hatua hii haina njia ya mkato: masizi yasiyosagika hubaki chenga, na chenga huziba nibu. Kisha ongeza maji kidogo kidogo hadi jumla ifike mililita 60, tia karafuu 2 kupunguza uvundo, chuja tena. Ukikauka unang'aa na kupasuka, gundi imezidi. Ukiupangusa kwa kidole na ukatoka, gundi haitoshi. Wino huu usiutie kamwe kwenye kalamu yenye tangi la wino ndani: utaganda humo na hautatoka.

Karatasi ijaribu kabla ya kuandika. Chora msalaba, subiri dakika moja, angalia kingo. Daftari za bei nafuu hunyonya, na mstari huota nyuzi pembeni. Kaunta buku nyingi zina karatasi nzuri zaidi, na karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kwa mazoezi. Ukiwa na daftari inayonyonya tu, paka vumbi la chaki jeupe kwa pamba, pangusa lililozidi, kisha andika.

Chovya hadi wino upite kitundu kidogo tu, gusisha nibu kwenye mdomo wa kidau ili tone la ziada libaki humo. Mchovyo mmoja hutoa maneno 5 hadi 10. Shika mpini sentimita 3 kutoka nchani, ulale kama nyuzi 45, meno yote mawili yaguse karatasi kwa uzito ule ule. Kushuka kandamiza kidogo, kupanda legeza kabisa. Anayekandamiza akipanda huichoma karatasi, nayo nibu hurusha vitone ukurasa mzima. Anayetumia mkono wa kulia auinamishe ukurasa juu kushoto. Wa mkono wa kushoto auinamishe juu kulia na mkono ukae chini ya mstari, asifute alichoandika.

Kwa mazoezi, Kiswahili kina maneno mazuri sana. Anza na yale ambayo herufi zake hazipandi juu wala kushuka chini ya mstari: umenunua, amewaona, mimi, nanasi. Hayo hufundisha mwendo wa chini-juu kama mawimbi. Kisha yenye vitanzi vya juu, kilele, hela, chakula, halafu ya mikia, jogoo, gugu, yangu. Mwisho unganisha vitanzi na mikia: lugha, kinywaji, chungu. Kibainishi cha ng' kiweke baada ya kumaliza neno zima, kama nukta ya i, vinginevyo muunganiko hukatika. Nusu ukurasa kwa siku, polepole, unatosha.

Mistari miwili sambamba yenye utupu katikati ina maana wino umekwisha kwenye nibu, au umekandamiza mno. Nibu ikigoma baada ya kutulia, ichovye kwenye maji na uifute, usiitikise sakafuni. Kukausha, lalisha karatasi ya kukaushia wino, bonyeza, inua. Ukisugua, umeharibu.

Ukimaliza osha nibu kwa maji, ikaushe papo hapo. Ya kuhifadhiwa muda mrefu ifute kwa tone la mafuta ya cherehani, na uyaondoe kwa sabuni siku utakapoirudia. Doa kwenye shati loweka mapema kwa maji baridi. La masizi mara nyingi halitoki. La wino wa zamani wenye chuma, paka ndimu na chumvi, anika juani, suuza, rudia. Usianze na jiki: huondoa rangi lakini chuma hubaki kwenye kitambaa kama kutu ya kahawia.