Somo: Chupa mbili za kujua kama maji yako yanakula mabomba

Maji yanatoka kwenye chujio yanang'aa, klorini ipo, halafu mteja anafungua bomba asubuhi anapata maji mekundu. Mara nyingi mkosaji ni shabu, dawa tunayotia ili uchafu ugandane na kuzama. Miligramu 1 ya shabu hula takriban nusu miligramu ya alkalini (uwezo wa maji kuzima asidi) na kuacha hewa ya ukaa ndani ya maji. Maji laini, yaani yenye kalisi kidogo, hayana alkalini ya kutosha tangu mwanzo. Yakishatiwa shabu yanabaki na njaa, na shibe yake ni chuma na saruji.

Hatua ya 1. Tafuta chupa mbili zenye vizibo vinavyobana. Moja tia kijiko cha chai cha unga wa kalisi kaboneti wa maabara.

Hatua ya 2. Zijaze zote pomoni kwa maji yaliyokwisha kutibiwa. Pasibaki hewa, vinginevyo umejidanganya.

Hatua ya 3. Tikisa mara kadhaa jioni, kisha ziache zilale.

Hatua ya 4. Asubuhi usitikise. Chuja maji ya juu, upime pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka asidi imezidi) na alkalini za chupa zote mbili.

pH na alkalini za chupa yenye unga zikipanda kuliko za nyingine, maji yana njaa. Zikilingana, shwari. Zikishuka, utajenga ukoko ndani ya bomba.

Dawa ya njaa ni chokaa, kidogo kidogo, ukirudia kipimo. Ila tia klorini kwanza, uipe nusu saa ifanye kazi, ndipo chokaa ifuate. pH ikipita 8 klorini hulegea, na hapa ndipo wengi tunapokosea.

MASWALI

— Mwalimu, chaki ya darasani haifai?
Hapana. Nyingi siku hizi ni jasi, itakupa majibu ya uongo.

— Mkuu, nimefikisha pH 7.5 lakini kutu bado inatoka.
pH peke yake haitoshi, fanya kipimo cha chupa. Tena kutu ya miaka haikomi kwa wiki moja. Safisha ncha za mabomba.

— Kwetu magadi ni rahisi kuliko chokaa. Nitumie?
Magadi hupandisha pH na alkalini, lakini hayaongezi kalisi, kwa hiyo maji laini hayatapata utando wa kulinda bomba. Na haya ya sokoni huwa na floridi, dada. Usiyatie kwenye maji ya kunywa.