Mpe mtoto urefa

Mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu hadi minne, jaribu hii jioni: funga mpira wa soksi, weka kandambili mbili ziwe goli, kisha mtoto awe refa. Akipiga "piii!" kwa mdomo, wote mnaganda, naye pia. Akipiga tena, mchezo unaendelea. Binti yangu siku ya kwanza hakuweza kusimama. Sasa anaganda mguu ukiwa hewani. Kujizuia pale mguu ulipo tayari kupiga ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo umri huu bado ni changa sana na huimarika kwa kutumiwa. Na kuiona kandambili kuwa goli, huku akijua fika ni kandambili, humfanya ashike mawazo mawili kwa pamoja. Maneno nayo huja yenyewe: "kona!", "bado!", "zamu yako!" Haifai akiwa na njaa au usingizi, wala ukianza kumsahihisha. Akisema paka ndiye kipa, basi paka ni kipa. Aliye chini ya miaka miwili usimdai agande. Mwache apige mpira, wewe shangilia.