Marekani au Ujerumani? Piga hesabu hivi kabla hujabishana

Kila mara mtu ananiuliza eti kati ya Marekani na Ujerumani wapi kuna maisha, afu anataja mishahara miwili basi kamaliza. Hapana bwana, mshahara wa kwenye mkataba weka pembeni.

Anza na kinachoingia benki. Ujerumani makato yanauma, kodi, pensheni, bima ya afya, mtu wa kipato cha kawaida asiye na ndoa wala mtoto zaidi ya theluthi inaondoka hata hajaiona. Marekani wanakata kidogo ndo maana watu wanaingia mkenge, kwa sababu hapo bado hujatoa mchango wako wa bima, hujatoa ile hela unayolipa mwenyewe hospitali kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa (ni dola elfu moja na kitu, mbili, wengine zaidi), na hujatoa gari, maana ukitoka miji kama New York bila gari umekwama. Ujerumani kuna tiketi moja ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima, 2023 ilianza yuro 49, 2025 ikafika 58.

Kodi ya nyumba nayo isome vizuri. Tangazo la Ujerumani likiandika Kaltmiete ujue ni kodi kavu, hela ya kupasha nyumba joto na ya maji bado. Na nyumba nyingi unakabidhiwa jikoni kukiwa na mabomba tu ukutani, sinki na makabati utajua mwenyewe.

Sasa kilichobaki kigawe kwa masaa uliyofanya kazi kweli mwaka mzima. Hapa ndo wengi wanashtuka. Ujerumani sheria inakupa angalau siku 20 za likizo ya kulipwa kama unafanya kazi siku 5 kwa wiki, ukiumwa mwajiri anakulipa mshahara kamili mpaka wiki 6, mama akijifungua ana wiki 14 za kulipwa. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima ya likizo ya kulipwa, na sheria yao ya 1993 ya likizo ya uzazi inatoa wiki 12 bila senti, tena si kwa kila mwajiriwa.

Afu rudia hesabu kwa familia yako wewe. Kijana wa kompyuta asiye na mtoto, Marekani mara nyingi inashinda na sioni haja ya kuficha. Mwenye watoto wawili ni hesabu nyingine, Ujerumani 2025 kila mtoto alikuwa anapewa yuro 255 kwa mwezi, na vyuo vingi vya serikali havina ada (jimbo la Baden-Württemberg wanafunzi wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya wanalipa yuro 1,500 kwa muhula).

Lugha haiingii kwenye kikokotoo, ila Ujerumani barua za ofisi za serikali karibu zote zinakuja kwa Kijerumani, jiulize nani atakusomea. Mwisho tafuta watu wawili wa kazi kama yako, mmoja kila upande, usiwaulize kama wana furaha, waulize mara ya mwisho walipougua walilipa shilingi ngapi na walirudi kazini baada ya siku ngapi. Ila wa Ujerumani usimpigie Jumapili ukimwagiza kitu, maduka yamefungwa.